Shajara ya Mradi: Kibao cha Kuchajia Simu Bila Waya kwa Wavuvi wa Msangamkuu

Juni, mwanzoni

Mradi huu umeanza katika karakana yetu ya Mikindani, Mtwara, kwa sababu moja tu, nayo ni matundu ya chaji. Simu nyingi zinazoletwa mezani kwetu na wavuvi wa Msangamkuu na wa upande wa Shangani zina kioo kizima na betri nzima, ila hazipokei chaji. Ukilitazama tundu kwa lenzi unaona pini zimeota ukoga wa kijani, na pini zinazobeba volti tano zimeliwa zaidi kuliko jirani zake. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Mvuvi anapochomeka waya wakati tundu lina unyevunyevu, mkondo mdogo hupita baina ya pini kupitia maji hayo, na metali ya pini chanya huyeyuka kidogo kidogo. Kubadilisha tundu ni kazi inayotupatia riziki, lakini simu hurudi kwenye bahari ileile, na baada ya muda huletwa tena ikiwa na ugonjwa uleule.

Wavuvi wengi wana pochi za plastiki zisizopitisha maji, zile zinazoning'inizwa shingoni. Pochi hizo hufanya kazi yake vizuri mpaka jioni, pale inapobidi zifunguliwe kwa mikono yenye maji ya chumvi ili simu ichomekwe kwenye chaja. Swali tulilojiwekea ni kama simu inaweza kuchajiwa ikiwa ndani ya pochi iliyofungwa, juu ya kibao ambacho nacho hakina tundu wala pini iliyo wazi. Teknolojia ya kuchaji bila waya kwa kawaida hutangazwa kama starehe ya mtu asiyetaka kuhangaika na waya mezani. Kwa maoni yangu faida yake kubwa iko kwingine: ndiyo njia pekee ya kuipa simu umeme bila kuifungulia mlango.

Juni, katikati

Kabla ya kugusa kifaa chochote niliwataka vijana wanaojifunza ufundi hapa waielewe kanuni yenyewe, maana fundi anayefuata picha za kuunganishia tu hukwama kifaa kinapogoma.

Mwaka 1831 mwanasayansi Michael Faraday, huko Uingereza, alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya uliokunjwa karibu nao. Neno la kuzingatia hapo ni "unaobadilika". Koili, yaani waya uliokunjwa mizunguko mingi, ikipewa umeme wa betri, ambao huenda upande mmoja bila kubadilika, itafanya sumaku iliyotulia, na koili ya pili haitapata kitu isipokuwa pale swichi inapowashwa na kuzimwa. Betri yetu ni ya volti 12, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuugeuza umeme huo uende mbele na nyuma, kazi inayofanywa na transista zinazofungua na kufunga kwa zamu. Koili ya kitumaji, yaani upande unaotuma umeme, hujenga uga na kuuvunja, koili ya kipokeaji iliyopo upande wa pili, ule wa simu, huzalisha volti, kisha daraja la dayodi (vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) huurudisha umeme huo katika hali ya kwenda upande mmoja ambayo simu inaitaka.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusitumie tu umeme wa ukutani, ambao tayari hubadilika. Swali lilikuwa zuri. Umeme wa gridi, hata huu wa kwetu Mtwara unaozalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, hubadilika mara 50 kwa sekunde. Volti inayozalishwa katika koili ya pili hutegemea kasi ya mabadiliko hayo, hivyo ukitoka hezi 50 ukaenda kilohezi 100, koili ileile, yenye mizunguko ileile na uga uleule, hutoa volti mara 2,000 zaidi. Kwa sababu hiyo transfoma ya hezi 50 huwa nzito na yenye chuma kingi, na koili ya simu ikawa nyembamba kuliko biskuti.

Kisha tukaja kwenye kapasita. Koili ikiunganishwa na kapasita, umeme huzunguka kati ya hivyo viwili kwa kasi yake ya asili, na ukiusukuma kwa kasi hiyohiyo mkondo hukua sana kwa nguvu ndogo, kama mtoto aliye kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Mafundi wa redio wanaijua tabia hii kwa jina la rezonansi. Koili ya mikrohenri 24 na kapasita ya nanofaradi 100, ambavyo ni viwango vya kawaida katika vitumaji vya aina hii, huitikia karibu na kilohezi 103. Vijana walikokotoa wenyewe kwa kalamu na karatasi, na osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ikaonyesha kitu kilicho karibu sana na hicho. Tofauti ndogo iliyobaki ilitokana na kapasita, ambazo mara nyingi haziko sawasawa na kilichoandikwa juu yake.

Juni, mwishoni

Kazi ya wiki hii ilikuwa kusuka waya wa koili. Umeme wa masafa haya, yaani unaobadilika mara nyingi hivi kwa sekunde, haupendi kupita katikati ya waya. Hukimbilia kwenye ngozi yake. Katika shaba, kwa kilohezi 100, sehemu inayotumika ina unene wa takriban milimita 0.2 tu. Waya mmoja mnene ni shaba iliyopotea bure ndani yake, na upinzani unaoongezeka hugeuka joto. Dawa yake ni kutumia nyuzi nyingi nyembamba, kila moja ikiwa na ngozi yake ya vanishi, zisokotwe pamoja ili kila uzi upate zamu ya kuwa nje na ndani.

Tulifunga ncha za nyuzi kwenye msumari mlangoni, ncha za pili tukazibana kwenye drili ya mkono, na kijana mmoja akazungusha polepole huku mwingine akipitisha vidole ili msokoto usijikunje. Sehemu ngumu huja baadaye, kwenye ncha. Vanishi ya kila uzi lazima itoke kabla ya kulehemu, na uzi mmoja usiposhika risasi huwa abiria asiyelipa nauli: umo safarini lakini haubebi kitu. Walichovya ncha kwenye tone la risasi lenye moto mkali mpaka moshi wa vanishi ulipokwisha na kila uzi ukang'aa, kisha wakapima upinzani na kulinganisha na hesabu ya nyuzi zote kwa pamoja. Tuliyafungua madirisha yote, maana moshi huo si wa kuvutwa.

Nyuma ya koili tumeweka kipande cha feraiti, kauri nyeusi yenye sumaku laini. Kazi yake ni kuukusanya uga wa upande wa nyuma na kuurudisha mbele, na pia kuzuia uga usifike kwenye metali zilizo chini. Uga unaobadilika ukikuta bamba la metali huzungusha mikondo ndani yake, na mikondo hiyo hupasha bamba joto na kupinga uga ulioizaa. Kwa sababu hiyo simu zinazochajiwa bila waya hutengenezwa mgongo wa kioo au plastiki.

Katika mazungumzo ya jioni lilizuka wazo la koili kubwa juu ya mlingoti, simu zote chomboni zichajiwe zikiwa mifukoni mwa wenyewe. Wazo hilo lina wazee wake. Mvumbuzi Nikola Tesla alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe huko Long Island, Marekani, mwaka 1901, akitaraji kurusha mawasiliano na nguvu za umeme hadi mbali. Fedha zilikatika, na mnara ulibomolewa mwaka 1917. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Marin Soljačić, waliwasha balbu ya wati 60 iliyokuwa mbali kwa zaidi kidogo ya mita 2, lakini koili zao zilikuwa na upana wa takriban sentimita 60 na nguvu iliyofika ilikuwa kama asilimia 40. Ukishasogea mbali kupita ukubwa wa koili yenyewe, uga hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukizidi maradufu, uga hubaki moja ya nane. Mvuvi mwenye betri moja hawezi kuigharimia hasara hiyo. Tunabaki kwenye milimita.

Julai, mwanzoni

Koili tuliyosuka ilipasua giza kwa kuwasha taa ndogo ya LED juu ya meza bila waya, na vijana walifurahi sana. Hata hivyo, kwa simu za watu tumeamua kutumia saketi za kitumaji zilizotengenezwa kiwandani, zinazofuata kiwango kiitwacho Qi, na sababu inastahili kuandikwa kwa urefu kwa kuwa ndiyo kiini cha teknolojia yote.

Kitumaji kilichotengenezwa kwa transista na koili pekee ni kipofu. Hakijui kama juu yake kuna simu, ndoana au sahani ya bati, wala hakijui kama simu imejaa. Kiwango cha Qi, kinachosimamiwa na Wireless Power Consortium, muungano wa makampuni ulioundwa mwaka 2008, huvifanya vifaa hivyo viwili vizungumze kupitia uga uleule unaobeba nguvu. Kitumaji kikiwa hakina kazi hutuma kishindo kifupi kila baada ya muda mdogo. Kipokeaji kikiwa juu yake hupata umeme wa kutosha kuamka, kisha hujibu kwa kuongeza na kupunguza mzigo wake kwa mpangilio maalumu. Mabadiliko hayo ya mzigo huonekana upande wa kitumaji kama mtikisiko mdogo wa volti ya koili, na kitumaji huusoma mtikisiko huo kama ujumbe, kwa kasi ya biti 2,000 kwa sekunde. Hakuna redio nyingine wala antena. Ni koili zilezile.

Ujumbe wa kwanza hueleza nguvu ya mawimbi yaliyopokewa, unaofuata hukitambulisha kipokeaji na mahitaji yake, na baada ya hapo umeme wa kweli huanza kutiririka. Tangu hapo kipokeaji hutuma taarifa mara kadhaa kwa sekunde kusema "ongeza", "punguza" au "hapohapo". Kitumaji cha aina tuliyochukua hutii kwa kusogeza masafa yake. Kikikaribia masafa ya rezonansi nguvu huongezeka, na kikipanda juu kuelekea kilohezi 205, ambako ndiko mwisho wa uwanja wake, nguvu hupungua. Tulipounganisha osiloskopu tuliyaona masafa yakishuka simu ilipokuwa na njaa na kupanda ilipokaribia kushiba, na hapo hata kijana aliyekuwa akisinzia alisogea karibu. Taarifa zikikatika, kitumaji huzima. Simu ikijaa, kipokeaji hutuma ujumbe wa kusitisha.

Ngazi ya msingi ya kiwango hicho ni wati 5, na ngazi ya juu yake hufika wati 15. Toleo jipya, Qi2, lililotangazwa mwaka 2023, liliongeza duara la sumaku linaloivuta simu ikae mahali pake, kwa kufuata mpango ambao Apple ilikuwa imeutumia tangu mwaka 2020. Simu za wavuvi wetu nyingi hazina kipokeaji ndani, kwa hiyo tunatumia vile vipokeaji vyembamba vya kubandika mgongoni, ambavyo mkia wake huingia kwenye tundu la chaji. Vingi vya hivyo hutoa volti 5 na mkondo usiozidi ampea 1. Mkia huo ukishaingia hautoki. Simu, kipokeaji na mkia hufungiwa pochini pamoja, pakiwemo kifuko kidogo cha silika cha kunyonya unyevu. Sharti la kwanza ni kwamba tundu liwe zima siku ya kufungia, kwani kipokeaji hakiponyi tundu lililokwisha kuliwa.

Julai, katikati hadi mwishoni

Kibao. Tulihitaji kitu kisicho metali, kisichovimba kwa unyevu, chembamba mahali pa koili na imara kwingineko. Plastiki ya karatasi za vioo bandia ilipasuka kwenye matundu ya skrubu. Tukamwendea mchongaji wa Kimakonde anayefanya kazi si mbali na karakana, tukiwa na kipande cha mninga, na kumwomba achimbe kwa chini, upande wa juu ubaki mzima bila mshono, mpaka mahali pa koili pabaki milimita 3 tu.

"Fundi, mbao nyembamba hivi haiwezi kubeba kitu," alisema.

"Hatutaiwekea kitu kizito, mzee. Simu tu."

Alianza kwa patasi pana, akahamia nyembamba, na kadiri alivyokaribia alikuwa akigonga sakafu ya shimo kwa kucha na kusikiliza. Mlio ulipobadilika kutoka mzito kuwa mkavu aliacha. Tulipima kwa kalipa pembe zote za shimo, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba sikuona sababu ya kumrudishia. Upande wa juu alichonga mfinyo wenye ukubwa wa pochi ili simu ijue pa kukaa.

Mfinyo huo haukuwa pambo. Nguvu inayovuka kutoka koili moja kwenda nyingine hutegemea ni sehemu gani ya uga wa kwanza inayopita ndani ya koili ya pili, na koili hizi zina upana wa sentimita 4 hadi 5 tu. Simu ikiwa katikati, kitumaji kilivuta volti 12 na ampea 0.62, yaani wati 7.4, na kipokeaji kilitoa volti 5 na ampea 0.95, yaani wati 4.75, hiyo ni takriban asilimia 64. Tulipoisogeza kando kwa milimita 5, kitumaji kilijitahidi kufidia kwa kuvuta mkondo zaidi, ufanisi ukashuka hadi karibu nusu na joto likapanda. Kufikia milimita 10 chaji ilianza kuwaka na kukatika, hali iliyo mbaya kuliko kutochaji kabisa, kwa sababu mwenye simu huona alama ya chaji, huondoka akiwa na imani, na hurudi kukuta asilimia zilezile.

Umbali wa wima haukutusumbua sana. Mbao ya milimita 3, tabaka moja la pochi na ngozi ya kipokeaji havikuzidi milimita 5 kwa jumla.

Nyuma ya feraiti tumeweka bamba la alumini linalogusa transista ili litoe joto lao, na baada ya hapo shimo lote limejazwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Waya mbili tu hutoka, nazo zimefungwa ndani ya epoksi hiyohiyo. Hakuna pini, hakuna skrubu iliyo wazi, hakuna swichi.

Agosti, mwanzoni

Swali lililoulizwa na kila aliyekiona kibao ni kama maji ya bahari yatazuia umeme au kumpiga mtu. Tulikimwagia maji ya bahari, tukaiweka pochi ikiwa inadondosha matone, na chaji iliendelea bila tofauti tuliyoweza kuipima. Hesabu inakubaliana na kilichoonekana. Maji ya bahari hupitisha umeme, lakini udhaifu wake ukilinganishwa na shaba ni mkubwa mno: kwa kilohezi 100, uga hupenya maji ya bahari zaidi ya nusu mita kabla haujadhoofika sana, wakati katika shaba hukwama ndani ya milimita 0.2. Utando wa maji juu ya mbao si kitu. Kuhusu kupigwa na umeme, juu ya kibao hakuna mahali penye volti pa kuguswa.

Metali ndiyo hatari ya kweli, na chomboni metali imejaa. Ndoana iliyolala kati ya kibao na pochi hupata mikondo ileile ya kuzunguka niliyoieleza, na chuma chake huongeza joto jingine kwa kupinduliwa sumaku yake maelfu ya mara kwa sekunde. Kitumaji kina kinga: kipokeaji hutangaza nguvu kilichopokea, kitumaji hulinganisha na nguvu kilichotuma baada ya kutoa hasara zake kinazozijua, na pengo likizidi kiasi hujua kuna mgeni, kikazima. Tuliijaribu kinga hiyo kwa sarafu na kwa ndoana za ukubwa mbalimbali. Sarafu ilikizima kibao mara moja. Ndoana kubwa nayo ilikizima. Ndoana ndogo kabisa zilipita bila kugunduliwa, kwa kuwa kiasi zinachokula ni kidogo kuliko makosa ya upimaji, na moja ilipata joto la kutosha kulainisha plastiki ya pochi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mtumiaji ni kupangusa mfinyo kwa mkono kabla ya kuweka simu, na kanuni ya pili ni kwamba nyuma ya simu pochini hapawekwi kitu. Wavuvi wengi huhifadhi kadi ya benki mahali hapohapo, na chipu ya kadi iliyobanwa kati ya koili mbili inaweza kuungua.

Kijana mmoja alipendekeza tuongeze sumaku za kuivuta simu, kama za Qi2, badala ya kutegemea mfinyo. Tumekataa. Sumaku chomboni itakusanya kila ndoana na kila chembe ya chuma na kuziweka mahali pale ambapo hatuzitaki, na ikiwekwa karibu na dira, nahodha atapelekwa asikokukusudia.

Agosti, mwishoni

Joto. Wati zinazopotea, kama 2.7 hivi, hugawana kati ya kitumaji, koili zote mbili na dayodi za kipokeaji. Mezani bila pochi hazisumbui. Ndani ya pochi hakuna upepo, na kipokeaji kimebanwa mgongoni mwa simu, karibu kabisa na betri. Jioni moja ya kusi, hewa ikiwa nyuzi 27, mgongo wa simu ulifika nyuzi 41 na kutulia hapo. Kibao kilipowekwa juani mchana, simu ilipunguza chaji yenyewe, kisha ikaisitisha na kuonyesha onyo la joto. Simu ilifanya sawa. Betri za lithiamu huchakaa haraka zinapochajiwa zikiwa na joto, na watengenezaji wengi huweka mpaka wa kuchaji karibu na nyuzi 45.

Tumefikia uamuzi kwamba kibao hakitakaa juani kwa hali yoyote, na hili limebadilisha mipango yetu kuhusu mahali pa kukiweka.

Septemba, mwanzoni

Majaribio ya chomboni yamefanyika kwa msaada wa nahodha mmoja wa Msangamkuu anayevua dagaa kwa taa, katika usiku wa giza. Kibao kilifungwa chini ya benchi la nyuma. Mawimbi ya kusi yaliirusha pochi nje ya mfinyo hata kabla nanga haijashuka, tatizo lililomalizwa na nahodha mwenyewe kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichokatwa na kuvutwa juu ya pochi. Mpira huo sasa ni sehemu ya muundo.

Kilichobaki ni hesabu ya betri, na haikipendelei kibao. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 hubeba takriban wati-saa 19. Kwa waya na kipunguza volti kizuri, kuijaza hula karibu wati-saa 24 kutoka kwenye betri ya chombo. Kwa kibao chetu hula karibu 34. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na betri za risasi zisiposhushwa chini ya nusu ndipo zinapodumu, kwa hiyo za kutumia ni 42. Hiyo ni simu moja na masalio kidogo, kwenye betri ambayo pia inatakiwa kuwasha taa za kuvutia dagaa. Nahodha hakuhitaji karatasi kuliona hilo. Aliuliza tu, "Fundi, nizime taa au nizime simu?" Kwa vyombo vyenye jenereta au betri kubwa ya lori kibao kinafaa. Kwa ngalawa na vyombo vidogo hakifai, na tumewaambia wenyewe hivyo.

Septemba, katikati

Kibao kimehamishiwa nchi kavu, kwenye kibanda cha kuchajia simu pwani ya Msangamkuu, chini ya paa la makuti, kikiendeshwa na paneli ya sola na betri ya mwenye kibanda. Mwenye kibanda alikuwa na wasiwasi wenye msingi: kwa wati 4.75 simu tupu huchukua saa nne hadi tano kujaa, wakati kwa waya zake huondoka baada ya takriban saa mbili, na yeye hulipwa kwa simu. Ratiba ya wavuvi wa dagaa ndiyo iliyoamua. Wao hurudi alfajiri, hulala mchana, na huondoka jioni, na simu ya mtu aliyelala haina haraka. Wanaiweka asubuhi ikiwa na pochi yenye chumvi, wanaichukua jioni bila kuifungua. Waya zimebaki kwa wateja wa kupita.

Mwenye kibanda ameomba vibao viwili zaidi, na mchongaji amekwishapewa mbao. Katika vibao hivyo koili itasogezwa milimita 6 kuelekea upande wa chini wa mfinyo, kwa kuwa pochi za aina iliyoenea zaidi hapa zina mdomo mnene wa kufungia unaoifanya simu ikae chini kidogo kuliko tulivyopima kwa pochi yetu ya karakana. Bado tunasubiri vipokeaji vyenye mkia wa Taipu-C, maana tulivyo navyo vingi ni vya tundu la zamani, na orodha ya wanaosubiri iko ukutani kwa mwenye kibanda.